Isale Uliloleta Mkononi

Mpendwa mwanangu Manka,

Mkono unaendeleaje? Nimeanza na mkono kwa sababu ndiyo salamu pekee ninayoweza kuiandika bila kudanganya. Ningesema nyumbani hatujambo, lakini hatupo wengi wa kuwa hatujambo. Nipo mimi na ng'ombe mmoja, na baba yako mdogo Eliya, ambaye huja kila asubuhi kuuliza kama kuna chai, na asipoikuta hukaa mpaka ipikwe.

Nakuandikia waziwazi, mahali ambapo watu tusiowajua watasoma, na najua hupendi mambo yako yasemwe. Sina anwani yako, na simu yako imekuwa haipatikani tangu mvua za mwaka jana. Lakini hata ningekuwa na anwani ningeandika hivi hivi. Nilikuaibisha mbele ya watu, na aliyemwaibisha mwenzake hadharani hana haki ya kwenda kumwomba radhi chumbani. Hilo nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa darasa la nne, siku uliyomcheka Neema kwa viatu vyake mbele ya wenzenu, nikakurudisha darasani ukaombe msamaha mbele ya wale wale.

Wewe unajua isale ni nini, lakini wengine watakaosoma hawajui, na mwalimu hawezi kuruka neno gumu. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuzunguka kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kuonyesha mpaka. Huku kwetu mtu aliyekosa hukata jani lake, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea. Hasemi mengi. Jani ndilo linalosema. Na likishaletwa, halikataliwi.

Uliliona likifanya kazi ukiwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa amefungua maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, siku ambayo haikuwa zamu yake, migomba ya jirani wa juu ikakauka, wakakaa miezi miwili wakipishana njiani kama hawajuani. Siku moja akakata isale, akalifunga, akakushika mkono mkapanda. Uliponisimulia jioni ile ulikuwa huwezi hata kukaa.

"Mama, nilimwuliza Baba, je, akikataa? Akasema halikataliwi. Nikasema hata kama bado ana hasira? Akasema hasira abaki nazo, isale atalipokea."

Ukaniambia kwamba mlipofika kwenye mpaka wa jirani baba yako hakupita. Alisimama nje ya masale, mkono umenyooka, kimya, mpaka ukaanza kuona aibu kwa niaba yake. Jirani akatoka na jembe, akamtazama, akatema mate pembeni, akasema, "Haya, mwizi wa maji, ingia unywe. Mbege imebaki kidogo."

Ulitaka kujua ndani ya jani mna nini. Nikakata kipande, nikakupa ile lenzi yangu ya shuleni yenye ufa, nikakuonyesha mishipa ambayo jani linapitishia maji. Nikakueleza kwamba humo hamna kitu ila maji na ukijani. Isale halina nguvu yoyote, nguvu iko kwenye makubaliano ya watu. Ulifikiri kidogo, ukasema, "Kwa hiyo ni watu ndio hawakatai."

Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyenielewa upesi hivyo. Nimekuwa nikilikumbuka jibu lile karibu kila siku.

Baba yako alipofariki, ulikuwa mlimani. Ulikuwa kiongozi wa wageni, msichana pekee katika kundi lenu, na baba yako alijisifu kwa hilo hadi watu wakamkimbia. Habari ilikufikia kwenye kambi ya mwisho kabla ya kilele. Mwenzako alikuwa ameshateremka na mgonjwa mmoja, wewe umebaki na wageni wawili wanaotapika na hakuna wa kumwachia. Ukateremka nao taratibu, kama kazi yako inavyotaka. Ulipofika nyumbani tulikuwa tumeshazika siku mbili. Udongo ulikuwa bado mbichi, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa mabichi vilevile.

"Mlima umekuzalia baba mwingine?" Ndilo nililokuambia. Hata pole sikukupa.

Miezi minne hukuja. Ikafika Krismasi, wakati ambao kila Mchagga hupanda kwao hata kama ametofautiana na ukoo mzima, nawe ukapanda. Nilikuwa nimeinama ninakata majani ya ng'ombe, nikasikia "Shikamoo, Mama" kutoka mbali. Nikainua kichwa. Ulikuwa umesimama penye masale ya mpaka, upande wa nje. Umekunja mkono wa shati. Umenyoosha mkono wako wa kushoto mbele.

"Marahaba. Nini hiyo?"

"Ni isale, Mama."

"Naona ni isale, nina macho. Umejichora kama ukuta wa baa ya Kiboriloni?"

Mkono ulibaki umenyooka. Lilikuwa jani zuri, la kijani, limeanzia karibu na kiwiko limeteremka hadi kwenye kifundo cha mkono, na katikati limefungwa fundo, na fundo lile lilikuwa jekundu. Yeyote aliyelichora alijua kazi yake. Nikaliangalia lote, kisha nikasema:

"Ingia ule. Halafu tutazungumza jinsi ya kulifuta."

Ukaingia. Sasa najua uliingia ukiwa umesikia nusu ya kwanza ya sentensi ile, nami nilikuwa nimekusudia nusu ya pili.

Baba mdogo alikuwa nyuma ya nyumba anachoma nyama, hakuyaona hayo. Alipoliona jani mezani akacheka hadi mtori ukampalia. "Mwalimu, shukuru ni isale. Angejichora mkungu wa ndizi, watu wangemsimamisha njiani wakiuliza bei." Ulicheka. Mimi sikucheka. Mimi nilianza somo.

Nilikueleza kwamba ngozi ya juu hubanduka na kuota upya, ndiyo maana wino wa kalamu hutoka, lakini sindano ya mchoraji hupeleka wino chini zaidi, kwenye tabaka lisilobanduka. Mwili unauona mgeni, unatuma seli zake za ulinzi. Seli zinaumeza wino, zinashindwa kuusaga, zinakaa nao. Zikifa, nyingine zinakuja kuupokea. Kwa hiyo mchoro wa tatuu si rangi iliyolala kwenye ngozi, ni rangi iliyoshikiliwa.

"Mwili unaushikilia?" ukauliza.

"Unaushikilia maisha yote."

"Basi ndivyo nilivyotaka," ukasema, ukaendelea kula.

Manka, ulikuwa unaniambia kila kitu, nami nilikuwa natafuta mfano mwingine wa kukuelewesha seli.

Mwezi wa pili ulikuja na mkono umefungwa leso. Fundo lilikuwa limevimba. Lilikuwa limeinuka juu ya ngozi kama fundo la kweli, gumu, linawasha mpaka ulikuwa unalikuna kwa mgongo wa kijiko. Jani lenyewe lilikuwa limelala bapa kama siku lilipochorwa. Nataka wanaosoma waone jambo hili, kwa sababu mimi nililiona na sikulitazama: kijani kimetulia, chekundu kimevimba, na mpaka kati ya viwili hivyo umenyooka kama umepigwa rula.

Nikasema ni uchafu wa sindano. Nikatoa lile kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, ambayo kila mama wa huku hupaka pia mikono, midomo na visigino, akiamini yanatibu lolote lililo juu ya ngozi. Nikakupaka asubuhi na jioni na kufunga kwa kitambaa. Fundo likaanza kutoa maji. Nikakuletea vidonge vya kuua bakteria kutoka duka la dawa, ukavimaliza, nikaleta vingine. Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na moja, na halikunijia swali ambalo mtoto wa kidato cha pili angeuliza: hao bakteria wamejuaje kuchagua rangi?

Ulikuwa mzio. Kuna watu ambao miili yao haivumilii samaki, na kuna miili isiyovumilia wino fulani, mwekundu kuliko mingine. Haionekani siku ile ile. Mwili huchukua wiki, miezi, hata miaka, kumchunguza mgeni, ndipo unaamua kwamba ni adui. Na hapo unakuwa umekwama, kwa sababu adui huyo, mwili wenyewe ndio uliomshikilia. Unapigana na kitu ambacho hauwezi kukiachia.

Sasa nifike kanisani. Ilikuwa Jumapili baada ya Pasaka, ibada imekwisha, tuko nje kwenye mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa ameinua kuku wa mtu, watu wanapandishiana bei na kutaniana. Mama mmoja akaona leso mkononi mwako, akaniuliza, kwa wema tu, "Mwalimu, Manka ameumia?"

Nikajibu kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. "Hajaumia. Ni mkono wa mtoto aliyeshindwa kumzika baba yake. Mungu hasahau, ameanza na mkono."

Mzee akabaki amemshikilia kuku juu. Hakuna aliyetaja bei. Ulishusha mkono wa shati, ukafunga kifungo, ukatembea hadi nyumbani peke yako.

Sikuamini nilichokisema. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba sikuwa hata na udhuru wa ujinga. Niliwaambia watoto wa watu maisha yangu yote kwamba ugonjwa una chanzo na chanzo hutafutwa. Nilisema vile kwa sababu nilitaka uumie kama nilivyoumia mimi siku ile kaburini nilipokutafuta kwa macho na kukukosa. Kama kuna aliyekuwapo pale, amesoma sasa: nilidanganya, na nilijua ninadanganya.

Wiki iliyofuata nilikupeleka mjini, kwenye chumba kimoja wanakoondoa madoa na nywele kwa mashine ya mwanga. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanga ule huvunja wino. Nilikuwa nimesoma nusu, tena. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri zamu. Ulikuwa umeshika mkono wako kama mtu aliyembeba mtoto.

"Mama, una uhakika unataka lifutwe?"

"Nina uhakika."

"Lote?"

"Lote. Na waanze na hilo fundo."

Uliniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani unaogopa maumivu, nikakuambia hayazidi kuumwa na siafu.

Mwanga huvunja wino, ndiyo, lakini vipande havitoki nje vyote. Vingine hutawanyika mwilini. Kwa mtu mwingine si kitu. Kwako wewe, mwili uliokuwa ukipigana mahali pamoja ukapata adui kila mahali. Kesho yake asubuhi macho yako yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, mabaka yamekujaa kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, na pumzi yako ilikuwa inapiga filimbi. Jirani wa juu, yule yule wa mfongo, akakushusha hospitalini kwa pikapu yake huku akipiga honi njia nzima.

Daktari wa ngozi alikuwa binti wa umri wako. Aliuliza nani alishauri mwanga.

"Mimi."

Hakunigombeza. Alikunjua mkono wako, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kijani. "Mama, tazama. Jani lote limetulia. Ni nyekundu tu. Huu haukuwa uchafu." Akaeleza kuhusu dawa za kupaka, sindano za kuchoma kwenye uvimbe wenyewe, na kwamba huenda mwisho wake wakalikata. Nikamwuliza, "Litapona?" Akasema, "Linaweza kutulia, linaweza kurudi. Siwezi kukuahidi." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Mimi ningeahidi.

Pumzi ilirudi, mabaka yakaisha, fundo likabaki. Likawa halivumilii jua, na wewe kazi yako ni juani, tena kule juu ambako jua halina cha kulizuia. Wenzako wakakataa kulala nawe hema moja, wakisema ni ugonjwa wa kuambukiza. Uliwaeleza kwamba mzio hauambukizi. Walikusikiliza kwa adabu, wakahamisha magodoro yao. Mwenye kampuni akakuambia pumzika msimu huu. Sote tulijua maana yake. Mwezi wa saba, wageni wanapofurika, wewe ulikuwa nyumbani kwangu unachambua maharage, mlima umetoka wote mbele yako hauna hata wingu, nawe umeupa mgongo.

Halafu ukaondoka. Hukugomba. Ulikamua ng'ombe, ukaosha ndoo, ukaenda.

Siku ya nne baba mdogo alikuja kwa ajili ya chai, akanikuta nalalamika. Nilimwambia habari yote tangu mwanzo, nikimlaumu mchoraji, wino, mwenye mashine. Unajua anavyosikia kwa sikio moja. Akanizuia.

"Rudia hapo pa Krismasi. Alisimama wapi?"

"Pale penye masale."

"Ndani au nje?"

"Nje."

"Alipita kabla hujamwambia ingia?"

"Hapana."

"Na mkono ulikuwa hivi?" Akanyoosha wake.

Eliya akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Mwalimu," akasema, "mtoto alikuletea isale. Lile la kukata lingenyauka. Akaleta lisilonyauka. Na wewe umelipeleka likafutwe."

Tangu siku hiyo nimekutumia masale matatu kupitia Neema, yule yule wa viatu, rafiki yako sasa, anayeuza mitumba Kiboriloni na ambaye anajua uliko na hataki kuniambia. La kwanza lilikwenda bila jibu. La pili, Neema alisema uliliweka dirishani mpaka likakauka. La tatu lilileta neno. Neema alilisema akikunja mashati, hakutaka kuniangalia: "Anasema, mwambie Mama, mimi langu nilileta."

Akaniambia pia kwamba madaktari wa huko wamelikata fundo. Sasa kuna jani lenye vipande viwili, na katikati kovu.

Nimezoea kuamini kwamba ukishajua chanzo umefika nusu ya tiba. Ndiyo imani iliyonifanya mwalimu. Sasa nakijua chanzo, nakijua hatua kwa hatua, ningeweza kukichora ubaoni, na hakinisaidii kitu. Mzio ni kumbukumbu, mwanangu. Mwili ukishajifunza kumkataa mgeni, hausahau. Unaweza kuuondoa wino, lakini ukiurudisha hata tone, hata baada ya miaka, mwili unaukumbuka na kuanza upya. Hakuna aliyegundua namna ya kuufundisha mwili wako usiukumbuke wino ule. Nami sitazamii moyo wako uwe msahaulifu kuliko ngozi yako. Kila ninapokutumia jani, huenda ni tone lingine.

Jana nilifunga la nne nikateremka nalo. Neema hakulipokea. "Mama, naomba usinipe tena," akasema. "Nikimpelekea huwa haangalii jani. Ananiangalia mimi." Nikapanda nalo tena hadi nyumbani. Lipo hapa mezani kando ya karatasi. Nilikuambia zamani kwamba jani la isale likikatwa halioti mizizi, shina ndilo huota. Limeanza kujikunja kingo. Fundo bado limekaza.

Sikuombi urudi. Kuomba ni kukupa kazi nyingine. Lakini kovu jipya nalo haliwezi jua, kwa hiyo lifunike mchana, hata siku za mawingu, maana mwanga unaochoma hupita kwenye mawingu. Usipake mafuta yenye manukato. Usimruhusu mtu yeyote akuchore tena, hata kwa wino mweusi, hata hina nyeusi ya harusini. Na mahali popote utakapotibiwa, kabla hawajakugusa, waambie una mzio wa wino mwekundu. Waambie mapema, na uwalazimishe wasikilize mpaka mwisho.

Kwaheri, Manka. Ni mimi mama yako, niliyeulizwa mara mbili nikasema lote.